Mashine Inasema 37.5, Yai Linasema Nini?

Wanaoanza kutotolesha vifaranga kwa mashine wana swali moja: "Niweke ngapi?" Jibu fupi linajulikana. Nyuzi 37.5 za sentigredi kwa mashine yenye feni, unyevu asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, kisha asilimia 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho, na siku ya 21 vifaranga vya kuku hivyo hapo. Jibu hilo ni sahihi, nimelitumia miaka mingi na bado nalitumia. Ila watu wawili wanaweza kuweka namba hizohizo kwenye mashine zinazofanana, mmoja akatoa vifaranga vinavyokimbia, mwenzake akabaki na trei ya mayai viza, na wote wakaapa kwamba mashine zao zilisoma 37.5 mwanzo hadi mwisho. Na wote wakawa wanasema kweli.

Namba inayowaka mbele ya mashine ni joto la pale ilipo sensa, basi. Sensa yenyewe ni kitu kidogo kilichoning'inia karibu na feni au kuchomekwa ukutani, na hakuna yai linalokaa hapo. Yai liko kwenye trei, pengine kwenye kona isiyofikiwa na upepo, pengine chini kabisa karibu na maji ambako kumepoa zaidi. Kinachokua kiko ndani ya ganda, na joto linalokihusu ni la ganda hilo. Tangu nilipoanza kufuata hali ya yai na kuacha kuikodolea macho ile namba, nimetotolesha vizuri hata kwa mashine za kawaida kabisa.

Kabla ya kuweka mayai huwa nahakiki kipimajoto. Chombo kizuri cha kulinganishia kipo kwenye nyumba nyingi, nacho ni kipimajoto cha homa, kile cha kubana kwapani. Kimetengenezwa kupima kati ya nyuzi 35 na 42 hivi, yaani palepale mashine ya kutotolesha inapofanyia kazi. Chukua kikombe cha maji vuguvugu, tumbukiza ncha za vipimajoto vyote viwili zikiwa pamoja, koroga taratibu, subiri vitulie, soma. Kile cha mashine kikisema 37.1 na cha homa 37.6, maana yake cha mashine kinapunguza nusu digrii, kwa hiyo ukitaka 37.5 ya kweli mashine inapaswa kuonyesha 37.0. Kama sensa ya joto imeunganishwa na ya unyevu usiithubutu kuitia majini. Weka kipimajoto cha homa kando yake ndani ya mashine, ukikumbuka kwamba vipimajoto hivi hushikilia namba ya juu kabisa viliyoifikia, hivyo kila unapopima unakiwasha upya. Nusu digrii ni kitu kidogo kwa siku moja. Kwa wiki tatu mfululizo inahamisha siku ya kuanguliwa.

Baada ya hapo mashine inafanya kazi tupu usiku mzima, nami nahamisha kipimajoto kutoka kona hadi kona. Hapo ndipo mashine inapojulikana tabia. Utakuta kona ya nyuma kulia iko juu, mbele karibu na mlango iko chini, na tofauti ya digrii nzima si ajabu kwenye mashine ndogo. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Dawa yake ni kuzungusha trei: la mbele linakwenda nyuma, la juu linashuka chini, mara moja kwa siku wakati wa kukagua. Mashine yenyewe iwe ndani ya chumba kisicho na upepo wala jua la dirishani. Jua likipiga upande mmoja wa mashine kwa saa mbili alasiri, kidhibiti joto kinaweza kuzima hita kabisa na joto bado likaendelea kupanda, kwa sababu kidhibiti kinajua kuwasha na kuzima tu, kupoza hakijui.

Mashine isiyo na feni ina hesabu nyingine, na wengi huumia hapa kwa kuiwekea 37.5 kama wenzao. Ndani yake hewa haichanganyiki. Ya moto imekaa juu, ya baridi imekaa chini, na sentimita chache tu zinabadilisha joto. Kwa hiyo kipimajoto kinawekwa usawa wa sehemu ya juu ya mayai, na pale kinapaswa kusoma kama 38.3 hadi 38.8. Hapo juu ya yai kuna joto zaidi, chini ya yai limepungua, na katikati panakuwa sawa. Ukiinua kipimajoto kikaegemea kwenye kifuniko utasoma joto kubwa na kulipunguza, huku mayai chini yanasinzia kwa baridi. Na katika mashine ya namna hiyo usichanganye mayai ya kware na ya bata hata kama nafasi ipo. Vimo vyake havilingani, na hakuna joto moja litakalowafaa wote.

Joto likizidi na joto likipungua, madhara hayalingani. Yai lililopoa kwa saa chache mara nyingi huendelea na maisha yake, likachelewa tu. Kuku anayeatamia naye huondoka kwenye kiota kwenda kula na kunywa, mayai yakapoa kidogo, akarudi. Lakini mashine ikipanda hadi nyuzi 40 na zaidi na kukaa huko, viinitete vinakufa, na vinavyopona huweza kutoka na ulemavu. Kwa hiyo ukilazimika kukosea, kosea upande wa baridi. Mimi nikiona 37.3 sishtuki. Nikiona 38.3 kwenye mashine yenye feni naacha nilichokuwa nafanya.

Kuna jambo lingine ambalo namba haikuambii: yai linabadilika. Siku za mwanzo yai ni kitu baridi kinachopokea joto kutoka nje. Kuanzia wiki ya pili kiinitete kinaanza kutengeneza joto lake chenyewe, na wiki ya tatu ni joto jingi. Ukisikiliza mashine iliyojaa utalitambua hilo bila kufungua mlango, maana hita iliyokuwa inawaka na kuzima kila dakika sasa inakaa kimya muda mrefu. Mayai yanapashana joto yenyewe. Sensa iliyo hewani itaendelea kusema 37.5 wakati mayai yaliyobanana katikati ya trei yako juu ya hapo. Nina kipimajoto cha sikio, kile cha mwanga usioonekana, nacho nakitumia kugusa tumbo la yai, pale lilipo nene zaidi. Ganda likiwa karibu na 37.8 natulia. Likikaribia 38.5 naongeza uwazi wa matundu ya hewa na kupunguza joto la mashine kwa sehemu mbili au tatu za kumi za digrii. Kwa siku tatu za mwisho wengi tunashusha kidogo, hadi kama 37.0, na vifaranga hawalalamiki. Mashine ambayo ina mayai machache tu haina shida hii, na hapo hakuna haja ya kushusha chochote.

Sasa unyevu. Hapa ndipo pana mambo.

Watu wanautafuta unyevu kama vile yai linakunywa maji. Ukweli ni kwamba yai linatakiwa kupoteza maji. Ganda lina matundu madogo kwa maelfu, na kupitia hayo mvuke unatoka tangu yai lilipotagwa. Nafasi ya maji yaliyotoka inachukuliwa na hewa kwenye upande butu wa yai, na mfuko huo wa hewa unakua siku hadi siku. Karibu na siku ya 19 au ya 20 kifaranga anatoboa utando kwa mdomo wake na kuingiza kichwa kwenye mfuko huo, na hapo anavuta pumzi ya kwanza ya mapafu. Unyevu ukiwa mwingi mno, mfuko unabaki mdogo, kifaranga amevimba maji, hana nafasi ya kujigeuza, na anaweza kuzama ndani ya yai akiwa amekamilika kucha na manyoya. Unyevu ukiwa mdogo mno, mfuko unakuwa mkubwa, kifaranga anakuwa mdogo, na utando unamkaukia mwilini.

Kipimo cha kweli cha unyevu, basi, ni uzito. Yai la kuku linapaswa kupoteza kama asilimia 12 ya uzito wake hadi siku ya 18. Kati ya 11 na 14 sina neno. Hauhitaji kupima yai mojamoja. Pima trei zima lenye mayai, toa uzito wa trei tupu, andika. Tuseme mayai 30 yana gramu 1,800. Kwa mwendo wa asilimia 12 ndani ya siku 18, siku ya saba yanapaswa kuwa yamepungua takriban gramu 84, yaani mzani usome karibu na 1,716. Ukikuta 1,750, hewa ina unyevu kupita kiasi; punguza maji. Ukikuta 1,680, yanakauka haraka, ongeza. Siku ya 14 unapima tena na kurekebisha, na bado una siku nne za kuyaweka sawa kabla ya hatua ya mwisho. Mayai yasiyo na mbegu nayo hupoteza maji vilevile, hivyo hayaharibu hesabu, mradi ukiyatoa baada ya kumulika, yaani kuyatazama ndani kwa taa, ukumbuke kuyatoa na kwenye uzito wa mwanzo.

Nimepata kumsaidia kijana mmoja aliyekuwa na kipimaunyevu kizuri na matokeo mabaya. Alinipigia simu siku ya saba.

"Shikamoo mama. Unyevu wangu uko 52 kama ulivyosema, lakini nikimulika mfuko wa hewa siuoni vizuri."

"Marahaba mwanangu. Mzani unasemaje?"

Mzani ulisema mayai hayajapoteza hata nusu ya kilichotakiwa. Nikamwambia aondoe maji yote, afunike kifuniko, asahau namba ya kipimaunyevu hadi siku ya 14. Siku ya 14 uzito ulikuwa unaelekea kuzuri. Baadaye tulipokijaribu kile kipimaunyevu kikaonekana kinasema pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi, kwa hiyo 52 yake ilikuwa 60 na kitu.

Kukijaribu ni rahisi. Chukua kizibo cha chupa, weka chumvi ya kawaida, dondosha maji kidogo hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote. Weka kizibo hicho pamoja na kipimaunyevu ndani ya chombo kinachofunga vizuri, au mfuko wa nailoni uliofungwa bila kubanwa, uache chumbani kwa saa nane au usiku kucha. Juu ya chumvi ya namna hiyo hewa hutulia kwenye asilimia 75. Kipimaunyevu kikisoma 68, kinapunguza saba; kikisoma 80, kinazidisha tano. Andika kwa kalamu ya wino mgongoni mwake. Vile vidogo vya kidijitali navijaribu kila baada ya miezi michache kwa sababu vinapotoka vyenyewe, hasa baada ya kukaa kwenye unyevu mkubwa wa siku za kuanguliwa.

Wapo wanaopenda njia ya zamani ya vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimevishwa kitambaa cha pamba kinachonyonya maji. Njia hiyo ni ya kuaminika kuliko vidude vingi. Kikavu kikiwa 37.5 na chenye maji kikisoma 29, unyevu uko kama asilimia 53. Chenye maji kikisoma 32, umefika kama 68. Tatizo lake moja ni kitambaa. Maji ya chumvichumvi hukigandisha, kikaacha kunyonya, kipimajoto kikapanda, ukadhani unyevu umeongezeka kumbe kimekauka. Tumia maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mvuke, na badilisha kitambaa mara kikiwa kigumu.

Kwa nini basi mtu huyohuyo, na mashine ileile, na beseni lilelile la maji, apate matokeo tofauti kwa misimu tofauti? Hewa inayoingia kwenye mashine inatoka chumbani. Ikipashwa moto hadi 37.5 bila kuongezwa maji, unyevu wake wa asilimia unashuka sana, kwa kuwa hewa ya moto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi. Chumba chenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85, kama inavyokuwa siku za mvua kwenye nchi za joto, kitakupa karibu asilimia 50 ndani ya mashine bila tone la maji. Chumba chenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 60, asubuhi ya baridi kavu, kitakupa kama 16 tu. Mmoja anaambiwa "jaza maji kila siku", naye yuko kwenye mvua. Mwingine anasikia kwamba kutotolesha bila maji ndiyo siri, naye yuko kwenye kiangazi cha nyanda za juu. Kila mmoja anafuata ushauri uliomfaa aliyeutoa. Na kwenye miinuko mirefu yai hupoteza maji upesi zaidi kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi, ndiyo maana siwezi kumwambia mtu wa mlimani na wa pwani waweke namba moja wakanishukuru wote.

Kuhusu maji yenyewe: kina hakina kazi. Kinachotoa mvuke ni uso wa maji. Ndoo iliyojaa yenye mdomo mwembamba itatoa mvuke mdogo kuliko sahani pana yenye maji ya kina cha kidole. Ukitaka kupandisha unyevu, ongeza upana: beseni la pili, au sponji safi iliyosimamishwa ndani ya maji ikaongeza eneo la kukaukia. Ukitaka kushusha, funika sehemu ya beseni. Ninapoongeza maji nayapasha kwanza yawe vuguvugu, maana lita moja ya maji ya baridi ndani ya mashine ndogo inavuta joto chini na mashine inahangaika nusu saa kulirudisha.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuziba matundu ya hewa ili unyevu upande. Unapanda kweli, namba inapendeza. Lakini viinitete vinapumua kupitia ganda, vinavuta oksijeni na kutoa hewa chafu, na kadiri vinavyokua ndivyo vinavyohitaji zaidi. Siku ya 20 ndiyo siku ya hitaji kubwa kuliko zote, na ndiyo siku watu wanaziba matundu kwa karatasi ya gundi. Matundu yabaki wazi. Kama unyevu haufiki, ongeza uso wa maji.

Kwenye kugeuza mayai sitakaa muda mrefu: angalau mara tatu kwa siku kama unageuza kwa mkono, zaidi ya hapo ni bora, mashine za kujigeuza hufanya kila saa, na siku ya 18 unaacha. Kama unageuza kwa mkono, idadi iwe witiri ili yai lisilale usiku upande uleule kila siku. Mikono iwe safi.

Siku ya 18 nafunga mlango kwa matumaini. Mayai yanatolewa kwenye trei za kugeuza, yanalazwa ubavu kwenye wavu au kitambaa cha kukwaruza ili vifaranga wasiteleze miguu ikapanuka, maji yanaongezwa, na kuanzia hapo mlango haufunguliwi ovyo. Siku mbili za kwanza hakuna kinachoonekana. Kisha, ukisogeza sikio karibu, unasikia milio midogo inayotoka ndani ya mayai ambayo bado hayana ufa. Yai moja linatikisika, linatulia, linatikisika tena. Baadaye kidogo ganda linainuka mahali pamoja kama kijipele, pembe tatu ndogo ya ganda iliyosukumwa nje, na ndani yake ncha ya mdomo inakuja na kurudi. Hapo ndipo watu wanaposhindwa kuvumilia.

Kuanzia kutoboa ganda hadi kutoka, saa 12 hadi 24 ni kawaida. Muda wote huo kifaranga hafanyi uvivu. Anavuta mabaki ya kiini cha yai yaingie tumboni, damu iliyokuwa kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini, mapafu yanajifunza kazi. Ukimenya ganda katika saa hizo unakata mishipa ambayo bado ina damu, na tone moja jekundu kwenye utando mweupe ndilo jibu kwamba umemwahi. Na kila unapofungua mlango, hewa yenye unyevu inatoka kwa sekunde chache, ikaingia kavu, na utando wa wale waliokwishatoboa unaanza kukauka kama karatasi na kuwabana. Umemsaidia mmoja, umewafungia watano. Msimamo wangu ni kwamba simsaidii kifaranga ambaye hajafikisha saa 24 tangu atoboe, na hata baada ya hapo ninafikiria mara mbili, kwa kuwa wengi wanaosaidiwa kutoka hawafiki mbali. Najua wapo wanaofanya tofauti na wanafanikiwa. Mimi mikono yangu naiweka mfukoni.

Vifaranga wa kwanza wakitoka wamelowa, unyevu unapanda wenyewe, wakati mwingine hadi 80 na kuendelea, na kioo cha mlango kinapata ukungu. Msifungue kukifuta. Mradi matundu yako wazi utashuka wenyewe wanapokauka.

Umeme ukikatika, cha kufanya kinategemea siku. Wiki ya kwanza, funga mlango, funika mashine kwa blanketi, acha. Wiki ya tatu mayai yana joto lake na yanahitaji hewa, kwa hiyo blanketi lisizibe matundu, na ukiona joto ndani linapanda badala ya kushuka fungua kidogo. Chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri husaidia zikiwekwa pembeni, zisiguse mayai. Umeme ukirudi usipandishe joto kufidia yale saa yaliyopotea. Mashine irudi 37.5 na vifaranga watachelewa kidogo, basi.

Kwa aina nyingine za ndege joto halitofautiani sana, kinachotofautiana ni siku: kware wa kufugwa 17 au 18, kanga 26 hadi 28, bata mzinga na bata wa kawaida 28, bata wenye uso mwekundu 35. Ndiyo maana siyapendi mayai ya aina tofauti kwenye mashine moja. Wa kwanza akifika siku zake tatu za mwisho anadai unyevu mkubwa na utulivu, na mwenzake bado yuko katikati, anahitaji kugeuzwa na kukauka taratibu. Aliye na mashine ya pili ndogo kwa ajili ya kuangulia tu ameepuka hilo lote.

Trei likishatoka, saa yenyewe inasema mengi. Wote wakianguliwa mwishoni mwa siku ya 19 au mapema siku ya 20, wadogo, vitovu havijafunga vizuri au vina kidonda cheusi, joto lilikuwa juu, hata kama namba ilisema vingine. Wakisubiri hadi siku ya 22 au 23, matumbo makubwa laini, wazito kusimama, lilikuwa chini. Ninarekebisha kwa sehemu mbili au tatu za kumi za digrii kwa mzunguko unaofuata, si zaidi. Wakitoka kwa kutawanyika siku tatu nzima, naangalia kwanza usawa wa joto kati ya kona na kona, na umri wa mayai, maana yai lililokaa zaidi ya siku saba kabla ya kuwekwa hupoteza nguvu na huchelewa.

Ambayo hayakuanguliwa nayafungua yote, nje, upepo ukiwa mgongoni. Watu hawalipendi zoezi hili kwa sababu ya harufu, na hao ndio hupoteza somo. Yai safi lisilo na chochote halikuwa na mbegu, na hapo ugomvi ni wa jogoo. Pete ya damu ndani ya yai: kiinitete kilikufa siku za mwanzo; naangalia joto la mwanzo na namna mayai yalivyotunzwa. Kifaranga kamili, mdomo bado chini ya utando, mwili umelowa na maji yanadondoka, mfuko wa hewa mdogo: unyevu ulikuwa mwingi. Kifaranga kamili aliyetoboa, manyoya yamegandamana na utando mkavu: ulikuwa mdogo, au mlango ulifunguliwa. Naandika idadi ya kila aina kwenye daftari lilelile lenye uzito wa trei, na mara nyingi kurasa hizo mbili zinakubaliana.

Vifaranga wenyewe hawana haraka ya kula. Kiini walichokivuta kinawatosha kwa siku nzima na zaidi, hivyo wanakaa ndani hadi wakauke na kufurika manyoya, kisha wanahamia kwenye joto la kulelea. Halafu mashine inaoshwa siku hiyohiyo kabla uchafu haujagandamana, na sensa inafutwa kwa brashi laini. Vumbi la manyoya linaizingira kama shuka, ikawa inachelewa kuhisi joto likipanda na kuchelewa tena likishuka, na mzunguko unaofuata utaanza na namba 37.5 ambayo si ile ya mzunguko uliopita.